Mjadala: Ukiomba chuo Marekani, klabu na michezo vina uzito gani?

Mleta mada: Tanzania chuo kinaangalia ufaulu wa kidato cha sita, Kenya KUCCPS, taasisi ya kupangia wanafunzi vyuo, inapanga kwa alama za KCSE. Marekani wanauliza pia unafanya nini nje ya darasa. Sasa wa kidato cha tano aache kitabu akimbilie klabu? Karibuni wakuu.

Kipanga: Asiache. Chuo chenye ushindani hakimchukui mwenye D ya hesabu eti ni kiranja wa michezo (anayesakwa na kocha ni habari nyingine). Shughuli zinaamua pale wenye alama nzuri wanapozidi nafasi. Kesi ya Harvard iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 2023 ilianika utaratibu wa chuo hicho kupima waombaji: masomo, shughuli, michezo na haiba, kila kimoja na daraja lake, 1 ikiwa ya juu kabisa.

Tunu ya Pwani: Huo ni mlango wa wenye nacho. Shule ya kata itatoa wapi klabu ya roboti?

Mshauri wa Sita: Si lazima klabu. Fomu ya Common App, ile moja inayotumika kuomba vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi 10 za shughuli, na aina zilizomo ni pamoja na kazi ya malipo na majukumu ya familia. Kuuza genge jioni au kulea wadogo kunaingia. Watu hawaandiki tu. Maelezo ya kila shughuli mwisho ni herufi 150, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. Ukianza na "nilikuwa mwanachama mwaminifu wa klabu ya" umeshakula robo bure. Anza na ulichofanya, weka idadi, na shughuli nzito itangulie. Kingine ni saa kwa wiki na wiki kwa mwaka unazojaza kwa kila shughuli: shughuli sita za saa 20 kwa wiki ni 120, wakati wiki nzima ina 168. Wa bweni mwenye prepo kila usiku nani atamwamini? Wala usijaze wiki 52 kwa klabu inayofungwa likizo.

Kipanga: Na 10 si lazima zijae. MIT, chuo kingine cha Marekani chenye fomu yake, inatoa nafasi nne tu.

Tunu ya Pwani: Bado muuza genge anashindana na aliyelipiwa mtu wa kumpangia maombi. Oxford ya Uingereza wanataka usomaji wa ziada unaohusu kozi yako, na usaili. Unahodha haukusaidii kitu. Hiyo ndiyo haki.

Mshauri wa Sita: Haki ya kuingia, ada je? Ufadhili wa Oxford kwa mgeni wa shahada ya kwanza ni wa kugombania. Harvard na MIT zinaziba pengo lote la aliyekubaliwa akiwa hana uwezo, hata mgeni. Mtoto wa shule ya kata aanzie hapo kuchagua pa kuomba, halafu ndiyo ahesabu herufi.