Ushauri: fowadi watatu wa laini moja, wiki 19 kabla ya kambi. Waanze lini kuteleza pamoja?

WingaPasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mawazo ya wanaoijua hoki ya barafu kwa undani. Kuna fowadi watatu wa kulipwa, na kocha ameshaamua kwamba msimu ujao wanaanza kama laini moja, yaani watatu wanaoingia na kutoka barafuni pamoja. Timu imetolewa mapema kwenye mtoano, kwa hiyo zimebaki wiki 19 kambi ifunguliwe Septemba.

Senta: kilo 91, gongo la kushoto (analishika likiwa upande wa kushoto wa mwili), jicho la pasi analo, ila zamu yake barafuni ikipita sekunde 35 miguu inakata.
Winga wa kushoto: kilo 84, gongo la kushoto, mbio za hatari, amekosa mechi 9 kwa kinena.
Winga wa kulia: kilo 97, naye gongo la kushoto, shuti kali, mzito kugeuka.

Mwishoni mwa msimu walitengeneza nafasi nyingi, lakini kila wakipoteza paki (kile kisahani kinachochezwa) kwenye kona ya wapinzani wanapigwa shambulizi la kushtukiza, watu watatu kwa mabeki wawili. Wenyewe wanataka kuteleza pamoja mara nne kwa wiki kuanzia wiki ya kwanza ili wazoeane. Ni sahihi? Na jimu wafuate programu moja? Nawasilisha.

ZamuFupi

Mara nne kwa wiki kuanzia wiki ya kwanza? Watafika kambini wamekwisha, mkuu.

Angalia mwendo wenyewe wa kuteleza. Mtu kainama, nyonga imekunjwa muda wote, mguu unasukuma pembeni na nyuma. Baada ya mechi 80 na ushee, misuli inayokunja nyonga imekaza, ya ndani ya paja imechoka, na makalio hayafanyi kazi yake. Kinachokosekana hapo ni mwendo wa aina nyingine, barafu wameshaipata ya kutosha.

Mimi ningezigawa hizo wiki 19 hivi. Wiki 3 za kwanza viatu vya barafu vifungiwe kabatini kabisa: baiskeli nyepesi, kuogelea, kutembea, mchezo wowote usio wa gongo. Wiki ya 4 mpaka ya 8 ni msingi, jimu siku 4, seti 3 au 4 za marudio 8 hadi 10. Wiki ya 9 mpaka ya 13 ni nguvu: seti 4 au 5 za marudio 3 hadi 5, na pumziko lisipungue dakika 3 kati ya seti. Wengi hupumzika dakika moja kwa sababu hawataki kuonekana wavivu, kumbe wanageuza zoezi la nguvu kuwa zoezi la pumzi. Wiki ya 14 mpaka ya 17 chuma kinapungua uzito na kuongezeka kasi: miruko, mbio za mita 10, kurusha mpira mzito kwa kuzungusha kiuno. Wiki mbili za mwisho jimu mara 2 tu, ya kulinda kilichojengwa.

Barafu: hakuna mpaka wiki ya 8 iishe. Wiki ya 9 waingie mara moja, dakika 45, kingo za viatu na mikono tu, hakuna mbio. Wiki ya 11 mara mbili. Wiki ya 14 mara tatu, na hapo ndipo watatu hawa wateleze pamoja. Wiki ya 18 na 19 mara nne. Ndiyo wakati wa mazoezi ya nahodha, wachezaji wanapojiendesha wenyewe bila kocha, kwa hiyo watapata na wenzao wa kucheza dhidi yao.

Mstari_wa_Buluu

Sikubaliani sana. Maelewano huja kwa muda wa pamoja barafuni. Daniel na Henrik Sedin wa klabu ya Vancouver walikuwa wanapigiana pasi bila kutazamana kwa sababu wamecheza pamoja tangu utotoni. Ukiwatenganisha hawa miezi mitatu, wanaanza upya.

KonaYaChini

Mfano wa Sedin unakurudia mwenyewe, mkuu. Wale ni mapacha, huwezi kuiga hilo kwa wiki 19. Kinachoigika ni yule wa tatu. Vancouver waliwabadilishia winga mara nyingi, na winga Alex Burrows alidumu nao kwa sababu kazi yake ilieleweka: kwenda golini, kusimama pale, gongo chini, kusubiri. Hakujaribu kuwa Sedin wa tatu. Laini nyingi nzuri ni watu wawili wanaosomana na mmoja anayejua aende wapi bila kuambiwa.

Sasa tatizo la hawa. Kushtukizwa watatu kwa wawili baada ya kupoteza paki konani kuna sababu moja kubwa: mtu wa tatu ameshuka chini, kuelekea goli la wapinzani. Hilo halihitaji kiangazi kizima cha kuteleza, linahitaji sheria.

Wakiwakaba wapinzani kwenye eneo lao, majina ya wa kwanza, wa pili na wa tatu yanafuata nani amefika kwanza, hayafuati namba ya mgongoni. Wa kwanza anamwendea mwenye paki kutoka upande wa ndani, gongo likiwa barafuni kuziba pasi ya katikati, ili beki abaki na njia moja tu ya ukutani. Wa pili anaisoma hiyo njia ya ukutani na anawahi. Wa tatu anabaki juu, usawa wa sehemu ya juu ya maduara yaliyochorwa kila upande wa goli, katikati ya uwanja. Hashuki mpaka mwenzake awe ameimiliki paki kabisa, na hata hapo anashuka pale tu mmoja wa chini anapopanda kuchukua nafasi yake.

Kosa linatokea hivi: paki imekwama ukutani, miguu minne inaikanyagia. Wa tatu anaiona iko mita 5 tu kutoka kwake, anadhani akiruka anaipata. Ikimpita, fowadi wote watatu wako chini ya maduara na mgongo uko wazi. Winga mwenye shuti ndiye hufanya hivi zaidi, maana akikaa juu anajiona hana kazi. Aambiwe kwamba pale juu ndipo shuti lake linapopatikana.

Zoezi: watatu kwa watatu upande mmoja wa uwanja, chini ya mstari wa buluu unaoanzisha eneo la ushambuliaji. Zamu sekunde 35, pumziko sekunde 90, mara 8. Goli halihesabiwi kama paki haijapita kwa mtu wa juu angalau mara moja baada ya kutoka konani. Na timu iliyopoteza paki ikikutwa haina mtu juu ya maduara, bao moja linakwenda kwa wapinzani papo hapo. Ukiweka adhabu hiyo watajifunza haraka kuliko kwa hotuba.

Nyonga80

Mimi naongelea kinena cha winga wa kushoto tu, mengine mmemaliza.

Kabla ya zoezi lolote apimwe nguvu ya misuli ya ndani ya paja na ya nje, kwa kipimo cha mkono, kila mguu peke yake. Utafiti wa wachezaji wa NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba yule ambaye nguvu ya ndani ilikuwa chini ya asilimia 80 ya nguvu ya nje alikuwa na uwezekano mara 17 zaidi wa kuchanika kinena. Ndiyo maana nasema apimwe. Kunyoosha hakumsaidii mtu ambaye shida yake ni udhaifu.

Zoezi kuu: alale ubavu, mkono chini, mguu wa juu uwe juu ya benchi, ainue kiuno kwa nguvu ya paja la ndani la mguu huo, kisha mguu wa chini uufuate. Aanze kwa kuegemeza goti kwenye benchi, seti 2 za marudio 6 kila upande, mara mbili kwa wiki. Akifika seti 3 za 10 bila kiuno kushuka, ahamie kuegemeza kifundo cha mguu, ambako mzigo unaongezeka sana kwa sababu mkono wa wenzo umerefuka. Kosa la kawaida ni kurukia hatua ya pili wiki ya kwanza, na la pili ni kulifanya siku moja kabla ya barafu. Maumivu ya misuli hufika kilele baada ya siku moja mpaka mbili, na mtu akiteleza hapo anabadili mwendo bila kujua.

Wiki ya 8, kabla hajagusa barafu, apimwe tena. Akiwa bado chini ya 80, wenzake watangulie yeye asubiri. Na akisikia kinabana mbele ya nyonga anapokunja goti kuelekea kifuani, asilazimishe kushuka chini kwenye skwoti. Wachezaji wengi wa hoki wana umbo la mfupa linalogota hapo. Awekewe benchi la juu zaidi la kushukia, maisha yaendelee.

ChumaBaridi

Programu moja kwa wote watatu? Kalenda moja sawa, mazoezi tofauti, tena tofauti sana.

Senta. Jiulizeni kwanza kama ni pumzi au ni zamu ndefu. Zamu ya kawaida kwa ngazi hiyo ni kama sekunde 45, na anayekaa 60 atachoka hata awe farasi. Kama ni pumzi, tatizo mara nyingi liko kwenye benchi: hajarudi sawa ndani ya zile dakika mbili za kukaa. Wiki ya 4 hadi ya 10 apande baiskeli mara 2 kwa wiki, dakika 40, mapigo ya moyo 130 hadi 145, aweze kuongea sentensi nzima. Linachosha akili lakini ndilo linalomrudisha haraka. Kuanzia wiki ya 12: sekunde 40 kali, dakika 2 nyepesi, mara 6, apumzike dakika 5, arudie zile 6. Soma wati za kila raundi. Ya mwisho ikishuka zaidi ya asilimia 10 chini ya ya kwanza, aliianza kwa fujo au mzigo ni mkubwa. Punguza raundi, usipunguze ukali.

Winga wa kulia, kilo 97. Kugeuka kwake ni suala la breki, nguvu anazo. Aruke pembeni kwa mguu mmoja, atue, atulie sekunde 2 kamili bila goti kuingia ndani, ndipo aruke tena. Seti 3 za 5 kila mguu. Akishatua vizuri ndipo aongeze kasi. Ubao wa kuteleza sekunde 20 mara 6. Asiongeze hata kilo moja.

Winga wa kushoto anaweza kuongeza kilo 2 kiangazi chote, taratibu. Protini gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani kwake gramu 135 hadi 168, igawanywe mara nne. Kriatini gramu 3 hadi 5 kila siku inatosha, na anunue tu yenye cheti cha kupimwa dawa zilizokatazwa.

WingaPasi

Asanteni sana wakuu, nimenukuu vyote. Swali moja limebaki: wote watatu ni gongo la kushoto. Winga wa kulia ahamishwe?

GongoKushoto

Usimhamishe. Gongo la kushoto upande wa kulia ndiyo nafasi ya kupiga bila kutuliza, pasi ikitoka upande wa pili anafungua kifua na kupiga papo hapo. Nikita Kucherov na Leon Draisaitl, wafungaji wakubwa wa NHL, wote ni gongo la kushoto, na tazama mashuti yao yanakotokea.

Gharama unailipa kwenye eneo lenu la ulinzi. Paki ikija kwake kupitia ukuta wa kulia, inamkuta kwa uso wa nyuma wa gongo, na beki wa wapinzani analijua hilo, anamshukia. Ana dawa tatu. Asisubiri akiwa amesimama, ateleze kurudi kuipokea ili afike akiwa na mwendo. Autazame uwanja mara mbili kabla paki haijafika: mara beki wake anapoigusa, na mara inapoachia gongo. Tatu, aizuie kwa kiatu kwanza, kisha aitoe kwa mguso mmoja wa uso wa nyuma kwa senta, na senta awe chini yake, mita 4 hadi 5, si mbele. Hapo ndipo senta wengi huwakimbia mawinga wao: wanapanda mapema wakitafuta pasi ndefu. Paki 20 kila upande mwisho wa kila kikao, kuanzia wiki ya 14, na mtu wa kumbana mgongoni kuanzia ya 16.

Pia kubalianeni maneno. Mawili yanatosha kwa kuanzia: moja la "una muda", moja la "kuna mtu mgongoni". Yawe ya silabi mbili, yasifanane kwa sauti, na yatumike kwenye kila zoezi, hata la kupasha. Yasipotamkwa Julai, hayatasikika Oktoba uwanja ukiwa na kelele.

ZamuFupi

Naongeza dogo kuhusu viatu. Kina cha mfereji unaochongwa chini ya chuma cha kiatu kisibadilishwe kiangazi. Mfereji wa kina unauma barafu zaidi, unageuka vizuri lakini unavuta mguu kila ukisimama ghafla, na anayevutwa ni yuleyule mwenye kinena. Kama winga wa kulia anataka kujaribu mwingine kwa ajili ya kugeuka, afanye hivyo wiki ya 9 kwenye vikao vya taratibu, siyo wiki ya 18.

KonaYaChini

Na zile wiki za kutoteleza pamoja zisipotee bure. Mkate video za zamu 20 walizofungwa au kukaribia kufungwa, mkae nusu saa kwa wiki, na kila klipu isimamishwe sekunde moja kabla paki haijapotea. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake mwenyewe nani alikuwa wa tatu. Karatasi zikitofautiana, klipu hiyo irudiwe mpaka zifanane.