Nauza 172 nichukue 182: niuze kwanza au ninunue kwanza?

Mwewe_wa_Meru: Wakuu, habari za jioni. Nina Cessna 172N ya 1978, inalala Arusha. Injini ina masaa 1,640 tangu ishushwe na kufanyiwa ukarabati mkubwa mara ya mwisho, na kiwango cha mtengenezaji ni 2,000. Haijawahi kunisumbua. Shida ni watoto wamekua, na uwanja wetu uko zaidi ya futi 4,500 juu ya bahari, hewa nyepesi. Saa saba mchana, watu wanne na mabegi, inapanda kama bodaboda iliyobeba mishikaki. Safari ya Tanga mama watoto alishuka na kitinda mimba, wakapanda basi. Hajanisamehe.

Nimeona Cessna 182P ya 1975, yenye nguvu zaidi, pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Dalali anasema kuna mtu mwingine anaitaka, nitoe chochote aishikilie. Nifanyeje?

Fundi_Spana: Mkuu, dalali gani hana "mtu mwingine"? Usitoe hata mia. 182 ni nzito puani. Ikitua vibaya kwa gurudumu la mbele, ule ukuta kati ya injini na rubani unakunjamana. Nenda na tochi, angalia chini kwenye ukuta huo: mikunjo, au ripiti mpya kati ya za zamani. Halafu matangi. Ya 1975 ina mifuko ya mpira ndani ya mabawa. Mfuko ukijikunja, maji yanajificha kwenye mkunjo. Unachuja kidogo chini ya tangi unaona mafuta ya buluu safi, ukinyanyua pua maji ndiyo yanatelemka. Muulize pia imeruka masaa mangapi miaka miwili hii.

Dada_Rubani: Uza kwanza kaka. Ndege mbili ni bima mbili na maegesho mawili. Na hiyo 182 ya nguvu za farasi 230 inakunywa kama lita 50 kwa saa, yako inakunywa 30 na kitu. Propela yake inabadilisha pembe, nayo ina ratiba yake ya kufunguliwa. Mpigie shemeji hesabu hiyo kabla hajafurahi.

Mzee_wa_Hanga: Mimi napingana na dada kidogo, usiogope kununua kwanza. 172 haikosi mteja, shule za urubani zinaipenda. Ila usishushe injini ili uuze, hela hiyo hairudi. Mnunuzi mjuzi atakuuliza kuhusu kamshafti na tapeti (vyuma vinavyofungua valvu za injini), 172N ina historia ya kulika hapo, kwa hiyo vitabu vyake viwe kamili. Ya Nairobi lazima ifutwe kwenye usajili wa Kenya (5Y) ndipo ipewe wa Tanzania (5H). Pesa ikae kwa wakili mpaka cheti cha kufutwa kitoke.

Mwewe_wa_Meru: Asanteni sana. Fundi, nimempigia dalali. Anasema haijaruka tangu mwaka juzi, lakini "inawashwa kila mwezi, dakika kumi."

Fundi_Spana: Dakika kumi chini, bila kuruka? Hapo oili ya injini haipati joto la kukausha unyevu, kamshafti inaliwa na kutu polepole. Kipimo cha kompresheni (mgandamizo wa silinda) kitasoma vizuri tu, hakionyeshi kutu hiyo. Mwambie silinda moja ifunguliwe mbele yako, uione kamshafti. Akikataa, panda basi urudi Arusha.

Dada_Rubani: Basi tena! 😂