WAV, FLAC au MP3? Kaseti za taarab za mama ziende Maskati

MwanaWaVuga: Wakuu, naomba ushauri. Marehemu mama kaniachia kaseti za taarab, nyingi zilirekodiwa harusini. Nimezihamishia kwenye kompyuta kwa WAV, yaani faili za sauti zisizobanwa, na wimbo mmoja wa dakika 12 unakula MB 127. Shangazi zangu wako Maskati, wanasikilizia kwenye simu. Nikiubana hadi MP3 ya kbps 64 (kilobiti 64 kwa sekunde) unashuka mpaka MB 6 hivi, ila kanuni, ile ala ya nyuzi, inalia kama imezamishwa majini. Nishike lipi?

FundiMitambo: Mungu amrehemu mama. Usifute WAV yoyote kabla hujatengeneza FLAC. FLAC hubana faili lakini haitupi kitu: ukiifungua sauti inarudi vilevile, biti kwa biti, na faili hupungua karibu nusu. MP3 hutupa kile inachokadiria sikio halitakisikia, na kikishatupwa hakirudi. Weka FLAC kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine.

BintiMalindi: Kwa akiba sawa, lakini kumtumia mtu MB 60 kwa wimbo mmoja ni kummalizia bando. Mimi natuma MP3 ya kbps 192, kwa wimbo wako ni kama MB 17. Nimeilinganisha na FLAC kwa hedifoni, sikuona tofauti. Kwenye 128 niliiona, hasa kwenye kanuni na makofi. Mlio mkali wa ghafla unatapakaa, unaanza kusikika kabla haujapigwa.

FundiMitambo: Kweli dada, na kaseti inazidisha tabu. Ule mvumo wa utepe hauna mpangilio, kwa hiyo kuubana ni kazi ngumu. Biti zinaishia kwenye mvumo, udi unabaki na makombo. Opus, aina nyingine ya faili iliyobanwa, ingemsaidia, kwa kbps 96 huishinda MP3 ya ukubwa huohuo, ila redio nyingi za gari haziifungui.

MzeeWaRedio: Hamjamuuliza swali la kwanza. Harusini kulikuwa na maikrofoni ngapi? Kama ni moja, hiyo ni mono, yaani sauti ya njia moja: upande wa kushoto na wa kulia wa stereo zinabeba sauti ileile, na wa pili unaongeza mvumo tu. Ifanye mono, 128 itakutosha. Lakini usichanganye pande mbili bila kusikiliza kwanza: kichwa cha kinasa kikiwa kimepinda kidogo, sauti nyembamba zitafifia. Chagua upande ulio safi, uache mwingine. Na kila nakala itoe kwenye FLAC, usibane MP3 kutoka kwenye MP3.

BintiMalindi: Kwenye WhatsApp, itume kama dokumenti. Usiipige kwenye spika ukairekodi kama ujumbe wa sauti, utaua kila kitu.

MwanaWaVuga: Ahsanteni sana. Mzee, ilikuwa maikrofoni moja. Nimechukua upande wa kushoto, mono, 128, ikatoka MB 11 na nusu, nikaituma kama dokumenti. Shangazi kanipigia usiku huohuo. Anasema kwenye kiitikio cha ubeti wa tatu anamsikia mama akiitikia na wenzake. Nimerudi kusikiliza, ni yeye kabisa. Kwenye ile ya 64 sikuwahi kumsikia.