Watoto ninaowasomesha nyumbani: Kilwa Kisiwani, Msimbati au mikoko ya Mikindani?

MamaNuru_Mtwara
Assalaam alaykum, na shalom kwa ndugu zetu Wakristo. Wanangu watatu nawasomesha nyumbani hapa Mtwara, mkubwa ana miaka 11, mdogo 6. Sitaki dini yao iishie mkekani, nataka waikute na nje. Uwezo wangu ni safari moja kubwa kwa mwaka au ndogondogo kila mwezi. Mngekuwa nyie mngechagua wapi?

BintiKilwa
Wa alaykum salaam mama. Kwetu Kilwa Kisiwani ndiko penye historia. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Wakishika kuta wataona ni matumbawe na chokaa, bahari ileile iliyojenga nyumba ya ibada. Ila hesabu kibali pale mjini Kilwa Masoko, mashua na pa kulala. Huyo wa miaka 6 atataka kubebwa kabla hamjafika Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani.

Nahodha_mstaafu
Msimbati ni pazuri, lakini ni ndani ya hifadhi ya bahari, kuna kiingilio. Na mtu mzima mmoja kwa watoto watatu ufukweni, binti yangu, hapana.

UstadhMikindani
Mama Nuru, njoo Mikindani, na uje kila mwezi. Mimi huwatoa wanafunzi wangu wa madrasa na nimeona tofauti.

Anza na mwezi. Watoto wakijua leo ni mwezi ngapi wa Kiislamu, wanajua na maji: mwandamo na mwezi 15 ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana; mwezi 7 na 22 ni maji mafu, hayapandi wala kushuka sana. Siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi, ndipo mnaingia mikokoni. Mpe kila mmoja jani la mchu, mti mmojawapo wa mikokoni, alilambe. Ni chumvi tupu, mti unaitoa kwa majani. Mkoko wenyewe huotesha mbegu ikiwa bado juu mtini, inaning'inia kama kijiti cha kijani, ikidondoka inajichomeka topeni. Hapo wasomee Qurani, sura ya Al-Furqan aya ya 53, ya maji matamu na maji ya chumvi. Hutahitaji kueleza sana.

Kabla ya adhuhuri simikeni kijiti mchangani, mtoto apime kivuli kwa vidole mpaka kikome kupungua. Kikianza kurefuka, wakati wa swala umeingia. Mwanafunzi wangu mmoja alinizuia kuadhini mpaka apime tena.

MamaLuka_Ndanda
Bwana asifiwe, dada. Sisi hufanya hivyohivyo huku. Misheni ya Ndanda ipo tangu 1906, na maji ya mlimani ndiyo darasa letu: tunakaa penye chemchemi na Zaburi ya 104, kila mtoto anachora kiumbe kimoja alichokiona. Namuunga mkono Ustadh. Tulianza na safari kubwa, watoto wakakumbuka basi tu. Tuliporudi mahali pamoja mara ya nne ndipo wangu akasema, "Mama, ule mti umetoa majani."

MamaNuru_Mtwara
Ustadh, shukran, nawe dada yangu wa Ndanda. Nachukua Mikindani. Binti Kilwa, mkubwa nitamleta peke yake akifika 13, in sha Allah. Swali moja Ustadh: topeni wavae nini miguuni?

UstadhMikindani
Raba kuukuu zenye kamba. Kandambili zinabaki topeni.