Mradi wa chuo: shangazi wa mwaloni anaweza kuwa mteja?

Kutoka: Mdogo wenu wa Leeds (kwa sasa niko Kirumba, Mwanza)

Shikamooni kaka na dada zangu. Nimekuja nyumbani likizo ya Krismasi, naandika nikiwa barazani kwa shangazi. Umeme umekatika na chaji inaisha, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye shida yangu.

Niko mwaka wa pili, kompyuta, huko Leeds, Uingereza. Somo la uhandisi wa programu alama zake karibu zote ziko kwenye mradi wa kikundi. Tuko watano, wiki 11, na sharti ni tuwe na mteja wa kweli, mtu mwenye tatizo lake mwenyewe. Wenzangu walitaka kutengeneza programu ya wapangaji kugawana bili, ile ambayo naambiwa kila mwaka haikosi. Nikaropoka kwamba nina shangazi anayeuza dagaa kwa jumla mwaloni, yaani soko la samaki la ufukweni mwa ziwa, na hesabu zake zote ziko kwenye kauntabuku.

Wakafurahi kupita kiasi. Sasa wanataka ramani ya mitumbwi ziwani na akili mnemba ya kutabiri bei. Shangazi ana kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe. Ili waelewe biashara yenyewe, nimepiga picha kurasa kama 40 za lile daftari nikazitupia kwenye grupu letu la WhatsApp. Nisaidieni nisije nikaaibika huku na kule. Halafu shangazi anasema atanipa chochote kazi ikiisha. Kuna ubaya?

—

Kutoka: Dada wa Birmingham

Marahaba. Kwanza kabisa, futa hizo picha na wenzako wafute. Leo.

Daftari la shangazi lina majina ya watu na madeni yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Uingereza nao wana ya kwao. Ukiacha sheria, hebu fikiria mteja wa shangazi akisikia deni lake linasomwa na vijana wanne huko Leeds. Nakili ukurasa mmoja kwa mkono wako, badilisha majina, watauelewa vizuri tu. Na muulize msimamizi wako kama kuna fomu ya maadili ya kujaza kabla ya kuhoji mtu. Vyuo vingi vya huku wanayo.

Pesa sasa. Viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu kuajiriwa mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kujiajiri hairuhusu kabisa. Kumtengenezea mtu mfumo ukamtoza ni kujiajiri, hata kama mtu huyo ni shangazi yako. Akikukaangia sato, kula.

—

Kutoka: Baba Kulwa, Reading

Mdogo wangu, hujambo. Dada amemaliza ya viza, mimi niseme ya kazi, maana ndiyo inayonilisha.

Hao wenzako wana ugonjwa wa zamani. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kujadili kwa nini programu kubwa zinachelewa, zinakula pesa kuliko ilivyopangwa, na zikifika hazifanyi kilichotakiwa. Mkutano ule ndio uliolitangaza hili jina la uhandisi wa programu. Ramani ya mitumbwi na utabiri wa bei kwa wiki 11 ni yale yale.

Fanya hivi. Kesho nenda mwaloni na shangazi bila laptopu. Usimuulize anataka nini, maana atakujibu anataka kila kitu, au atakwambia wewe ndiye msomi. Kaa pembeni uangalie ni wakati gani anafungua daftari, ni wakati gani anarudi kurasa za nyuma, na ni wapi anakunja uso. Hapo anapokunja uso ndipo penye mradi wenu. Chukueni kimoja hicho, vingine muviandike chini kama vya baadaye.

Kiswaswadu kisiwatishe. Shangazi anabonyeza *150*00# kutuma pesa kila siku, kwa hiyo menyu za namba anazijua kuliko nyinyi. Skrini moja ya menyu hizo inabeba herufi 182 tu, na hilo litawafundisha ufupi kuliko mhadhara wowote. Africa's Talking, kampuni inayounganisha programu na menyu hizo za simu, wana sehemu ya kujaribia bure, itawatosha kwa siku ya kuonyesha. Namba halisi ina gharama na taratibu zake na kampuni za simu, kwa hiyo mwambieni shangazi mapema kwamba hiyo hamna.

Git, ile programu inayotunza historia ya msimbo: kila mtu aweke kazi yake kwa jina lake, kidogo kidogo, tangu wiki ya kwanza. Wanaosahihisha wanaweza kufungua historia wakaona nani alifanya nini na lini. Mtu anayeibuka usiku wa mwisho na mistari 3,000 hujieleza kwa shida sana. Nimekaa kwenye kundi la namna hiyo, na aliyejieleza kwa shida alikuwa mimi.

La mwisho linaniuma hadi leo. Nikiwa mwanafunzi nilimtengenezea mjomba mfumo wa duka lake la vipuri hapo mjini. Nikapata alama nzuri, nikapiga naye picha. Mfumo ulikaa kwenye seva ya majaribio ya bure. Muda wa bure ulipoisha mimi nilikuwa nabeba maboksi ghalani usiku na kusoma mchana, barua za onyo sikuzifungua. Kanzidata, yaani taarifa zote za duka, ikafutwa. Mjomba alikuwa ameshaacha daftari kwa sababu mimi nilimwambia aache. Madeni ya miezi minne yakapotea, akawa anawafuata watu mmoja mmoja kwa kukumbuka sura. Hajawahi kunigombeza, na bora angenigombeza. Kwa hiyo daftari la shangazi lisifungwe hata siku moja.

—

Kutoka: Mdogo wenu wa Leeds

Kaka, dada, nimerudi kutoka mwaloni, bado nanuka dagaa.

Tulifika jana alfajiri. Usiku kulinyesha, na wale walioanika juzi walikuwa wanalia. Shangazi alipokea magunia kutoka Ukerewe, akatoa mengine kwa mali kauli, yaani chukua sasa utalipa baadaye, kwa mama mmoja wa Buhongwa. Hakuna kusaini popote. Akaandika jina, magunia 7, na mwisho wa mstari akaandika “giza”.

Jana saa tatu usiku, kwa wao saa kumi na mbili jioni, tulikuwa na kikao. Mwenzetu mmoja ameshatengeneza fomu, na sehemu ya tarehe ya kulipa ni ya lazima, usipoijaza haikupeleki mbele. Akaniuliza “giza” ni tarehe ngapi. Nikamweleza kwamba dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti kitu na wavuvi wanapumzika, kwa hiyo pesa zinazunguka tena giza likirudi. Akachangamka, akasema mwezi una siku 29 na nusu, ataandika msimbo wa kukokotoa. Nilipomwambia shangazi akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Upepo ukiwa mbaya giza linapita hivi hivi, na yule mama wa Buhongwa anajua na yeye anajua. Tumeamua sehemu ile iwe ya kuandika maneno.

Kosa jingine ni langu. Ule ukurasa niliounakili ulisema mtumbwi umefika saa mbili. Wameweka 02:00. Ilikuwa asubuhi, saa mbili ya kwetu, yaani 08:00, na mimi Mswahili mzima nilipitisha bila kuona.

Uso aliukunja sehemu moja tu, mteja alipouliza “mimi nimebakiza ngapi?” Alifunua kurasa nyuma mpaka mwezi wa tisa, kidole kikiwa kimelowa mate, foleni nyuma inasubiri. Basi mradi ni huo: unaweka namba ya mteja, unapata salio lake. Ramani imekufa. Akili mnemba bado inapigania roho yake, kuna mmoja hataki kuiachia.

Jioni nimemchorea shangazi skrini kwenye karatasi, moja kwa kila hatua. Akavaa miwani, akazipitia zote, akachukua kalamu akakata neno “Mdaiwa” kila lilipo na juu yake akaandika “Mteja”. Nikamuuliza kuna tofauti gani wakati anayeliona ni yeye mwenyewe. Akasema simu anaiacha mezani, watu wanachungulia, na mtu akijiona kaandikwa mdaiwa gunia la pili atanunua kwa jirani.

—

Kutoka: Dada wa Birmingham

Mdaiwa amefutwa, vizuri. Na picha 40 je?

—

Kutoka: Mdogo wenu wa Leeds

Nimefuta. Watatu nao wamefuta. Wa nne ni yule wa akili mnemba, anasema alikuwa anataka kuzitumia kuifundisha hiyo akili mnemba. Naongea naye sasa hivi.