Tupeane uzoefu: mshono wa mwenzako umeupenda, umemuuliza alifumua wapi?

Mleta mada
Wadau wa cherehani za nyumbani, habari zenu. Simu zetu zimejaa picha za mishono: gauni la harusini, blauzi ya jirani, sketi ya dada mliyepishana naye kituoni. Picha hazionyeshi kilichofumuliwa, na hapo ndipo penye elimu yote. Mwenzako akikuambia "kwapa nilifumua mara mbili kwa sababu mkono ulikuwa mdogo", amekuokolea yadi mbili za kitambaa.

Kwa hiyo kabla ya kusifia rangi, uliza: kitambaa kinavutika au hakivutiki? Yadi ngapi, upana gani? Kina bitana (kitambaa cha ndani)? Zipu iko wapi na ni ya urefu gani? Halafu malizia na hilo la kufumua. Naomba uzi huu uwe wa majibu ya namna hiyo. Taja mshono, taja vipimo, sema unapoharibika na kwa nini.

Mdau 1
Naanza na kosa linaloua nguo nyingi: gauni la kubana la kitambaa kinachovutika linaigwa kwa kitenge. Lile la mwenzako limekatwa dogo kuliko mwili wake, mvutiko ndio unaomwingiza ndani. Kitenge ni pamba iliyofumwa, hakikupi hata nusu inchi. Ukikikata kwa vipimo vile vile, gauni linagoma kwenye nyonga.

Kwa kitenge ongeza juu ya kipimo cha mwili: inchi 2 kifuani, 1 kiunoni, 2 kwenye nyonga. Zipu ya mgongoni ishuke inchi 7 hivi chini ya kiuno, la sivyo nyonga hazitapita hata kama upana unatosha. Na kabla ya kukata, loweka kitenge, kianike, kipige pasi. Pamba hurudi, na ikirudi baada ya kushonwa hakuna cha kufumua kitakachokusaidia.

Mdau 2
Niongezee la kuazimana patani (karatasi za kukatia nguo), maana wengi tunapeana karatasi tukidhani kazi imeisha.

Tuseme kifua cha mwenzako ni 36 na chako ni 38, lakini mabega yenu ni sawa. Usiongeze ubavuni. Ukiongeza ubavuni kwapa linapanuka na kuacha wazi, mgongo unapata kitambaa usichokihitaji, na pindo la mbele bado linapanda juu. Kifua kinakula upana na urefu kwa pamoja, na vyote viwili vinatakiwa pale pale mbele.

Fanya hivi. Tofauti ni inchi 2, na patani ni ya nusu ya mbele, kwa hiyo hapo unatafuta inchi 1. Pima kutoka begani hadi ncha ya titi kwenye mwili wako, weka alama kwenye karatasi. Chora mstari kutoka pindo la chini kupanda hadi alama hiyo, kisha upinde uelekee katikati ya kwapa. Chora mwingine kutoka ubavuni hadi alama ile ile. Kata mistari yote miwili, ila pale kwapani, na pale mstari wa ubavuni unapofika kwenye alama, bakiza kipande kidogo kisichokatwa kiwe kama bawaba. Sasa fungua mpaka nafasi kwenye ncha ya titi iwe inchi 1. Utaona upande wa ubavu umeshuka chini kuliko wa katikati. Sawazisha kwa kuongeza karatasi upande wa katikati. Ule mwanya uliofunguka ubavuni ndio kikunjo chako kipya cha kifua. Kishone kiishie inchi 1 kabla ya ncha ya titi. Kikifika kwenye ncha kabisa, kinatokeza kama kidole.

Na jaribu kwanza kwa marikani. Kitambaa hicho kilipata jina kutoka Marekani, kilikotoka kuja Zanzibar na pwani yote karne ya 19, na hadi leo hakuna rafiki mwema kama huyo kwa mtu anayejaribu patani.

Mdau 3
Na patani ya mwenzako ikiwa haina akiba ya mshono (ziada ya kushonea)? Wengine wanachora nayo, wengine bila.

Mdau 2
Ndiyo maana iandikwe juu ya karatasi yenyewe. Isipoandikwa, pima patani kifuani, mbele na mgongo, zidisha mara mbili, linganisha na mwili wa mwenye patani. Patani isiyo na akiba itazidi mwili wake kwa ile nafasi ya kupumua tu, inchi 2 hivi. Yenye akiba ya nusu inchi kila ubavu itakuwa imezidi kwa inchi 4.

Mdau 4
Sketi ya duara kamili, ile inayofunguka ukizunguka. Kiuno 30 gawanya kwa 6.28, unapata kama inchi 4¾. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya kiuno. Chora kwa 4¼ ili nusu inchi ibaki ya kushonea mkanda.

Kitenge huwa na upana wa inchi 44 hadi 46. Ukikunja mara nne na kukata duara zima kwa mkupuo, huwezi kupita inchi 23 kutoka katikati, yaani sketi ya inchi 18 tu. Ukitaka ndefu, kata nusu duara mbili, upande ulionyooka ukae kwenye ukingo wa kitambaa. Sketi ya inchi 38: 4¾ jumlisha 38 jumlisha nusu inchi ya pindo, unapata 43¼, na nusu inchi ya ubavu inafanya 43¾. Inaenea kwenye upana. Kila nusu inakula inchi 86½ za urefu, mbili ni 173. Kitenge cha yadi 6 kina inchi 216, kwa hiyo unabaki na zaidi ya yadi moja ya blauzi isiyo na mikono.

Wanapofumua ni sehemu mbili. Kwanza kiuno: duara limekatiza uzi kwa mshazari, linavutika ukilishika tu. Pitisha mshono mmoja kuzunguka kiuno mara baada ya kukata, kabla hujapima mkanda. Pili pindo: tundika sketi siku nzima, sehemu za mshazari zitashuka, kisha pima kutoka sakafuni kupanda juu, kata kilichozidi ndipo upinde.

Na tazama maua. Kwa mkato huu, ndege wa ubavu mmoja watasimama, wa ubavu wa pili watakuwa vichwa chini. Chagua kitenge chenye maua yaliyotawanyika pande zote.

Mdau 5
Mwalimu mwingine ni mitumba. Soko la Karume (Dar es Salaam) au Gikomba (Nairobi), tafuta koti lililochanika, la bei ya kutupa. Lifumue taratibu, ukipiga picha kila hatua, maana mpangilio wa kufumua ukiugeuza ndio mpangilio wa kushona. Utaona kitambaa cha gundi kimebandikwa wapi na bitana imeachiwa kikunjo kiasi gani mgongoni. Halafu pima kwapa na pima kichwa cha mkono: mkono wa koti huwa mkubwa kuliko tundu lake kwa inchi 1 au zaidi, ndiyo maana hauvuti. Vipande vipige pasi uvichore kwenye karatasi ya kaki. Usipovipiga pasi unachora mikunjo.

Mdau 6
Kwa wanaoshona kofia za viua: ukiona ua la mwenzako, hesabu kabla ya kuchora. Kichwa cha inchi 22 na ua la inchi 2 yanaenea maua 11. Ua la inchi 1½ haligawi sawa, linabaki pengo. Rekebisha ua, usirekebishe kofia.

Mdau 7
Wengine wanafumua bila hatia, kosa ni la cherehani. Uzi ukijikusanya vitanzi upande wa chini, tatizo karibu siku zote liko juu: umepitisha uzi mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa, ukashindwa kuingia kati ya visahani vya kukazia. Inua mguu, pitisha upya. Sindano 14 kwa kitenge, 10 kwa shifoni, 16 kwa jinzi. Kwa kinachovutika tumia yenye ncha butu, la sivyo inaruka mishono.

Mleta mada
Nimenakili yote. Kwa wanaopeana patani, tukubaliane kila karatasi iandikwe: kifua, kiuno na nyonga za mwenye nguo, akiba ipo au haipo, namba ya sindano, kipande cha kitambaa cha inchi 2 kimebanwa kwa pini, na mstari wa mwisho uandikwe "nilifumua hapa" na mshale. Karatasi ikihamia kwa mtu wa pili, naye aongeze mshale wake kwa kalamu ya rangi nyingine.