Kituruki: "kitap okudum" na "kitabı okudum" zinatofautianaje?

mwanagenzi_bursa: Habari wakuu. Kitabu changu kinasema yambwa tendwa (kile kinachotendwa, kama "kitabu" katika "nilisoma kitabu") ya Kituruki hupewa kiambishi -i. Mbona basi nakuta "kitap okudum" na "kitabı okudum", zote zimetafsiriwa "nilisoma kitabu"? Na p imegeukaje b?

fundi_irabu: Tofauti hiyo unaijua tayari, ila sisi Waswahili huibebesha kitenzi. *Kitap okudum* ni "nilisoma kitabu", chochote kile. Habari ni kusoma. *Kitabı okudum* ni "nilikisoma kitabu", kile tunachokijua wote wawili. *Doktor arıyorum*: natafuta daktari, yeyote atakayepatikana. *Doktoru arıyorum*: namtafuta daktari.

Umbo la kiambishi huamuliwa na irabu ya mwisho ya neno. Baada ya a au ı weka -ı (*kızı*), baada ya e au i weka -i (*evi*), baada ya o au u weka -u (*okulu*), baada ya ö au ü weka -ü (*gözü*). Neno likiishia na irabu, tanguliza y: *arabayı, kediyi*. Hiyo p hulegea kwa kuwa sasa imekaa katikati ya irabu mbili. Ndivyo pia *ağaç* inavyokuwa *ağacı*, na *ekmek* ikawa *ekmeği*. Maneno mengi ya silabi moja hayalegei: *topu, atı*.

Bi_Sarufi: Nakubali, lakini kipimo cha -ki- (ile ya "nilikisoma") kinateleza kwa watu. Sisi husema "nilimwona mtu barabarani" hata kama mtu mwenyewe hatumjui. Kituruki hapo hakiweki kitu: *Yolda bir adam gördüm*. Majina ya watu na viwakilishi vya nafsi, kinyume chake, havikwepi kiambishi kamwe: *Ali'yi gördüm* (na hiyo alama ya ritifaa ni lazima), *beni, seni, onu* (mimi, wewe, yeye). Ukisema "Ali gördüm" umekosea.

Angalia pia *kitabını okudum*. Yaweza kuwa "nilikisoma kitabu chako" au "chake", maana umilikaji wa "yake" huingiza n kabla ya kiambishi. Muktadha usipotosha, ongeza *senin* au *onun*.

fundi_irabu: Ahsante Bi. Niongeze mpangilio: yambwa isiyo na kiambishi hukaa ubavuni mwa kitenzi. *Dün kitap okudum* ni sawa, "kitap dün okudum" si sawa. Ikishapata kiambishi inahama: *kitabı dün okudum*.

Bi_Sarufi: Na vipo vitenzi ambavyo kwetu vina yambwa, kwao havipokei -i. *Bakmak* (kutazama) na *binmek* (kupanda chombo) hutaka -e/-a: *otobüse bindim*. *Korkmak* (kuogopa) hutaka -den/-dan au -ten/-tan: *köpekten korkuyorum*. Ukiandika kitenzi kipya daftarini, kiandike na kiambishi chake palepale.

mwanagenzi_bursa: Kwa hiyo *ekmek aldın mı* na *ekmeği aldın mı*?

fundi_irabu: La kwanza: umenunua mkate? La pili: umeununua ule mkate tuliokuagiza?